Nguzo ya Matofali Saba

Makadara, Nairobi
Mwezi wa nane, 1995

Kwako mdogo wangu Feza,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama mama alivyotufundisha kupokea na kutoa. Barua yako ilinifikia ikiwa imekunjwa katikati ya vitenge anavyovileta Mama Sifa kuuza huku, nayo ilinukia moshi wa jikoni kwako kiasi kwamba niliinusa kwanza, ndipo nikaisoma. Goti lako linaendeleaje? Umesema ukipanda mlima kwenda shambani linalia kama mlango. Usilidharau. Na Bahati mwanao, bado anafundisha shule ile ile? Mkewe anakula vizuri? Mwambie asijitwike maji kwa hii miezi miwili iliyobaki.

Mimi ni mzima, nashukuru. Macho yamepungua, lakini vidole vyangu vinazijua herufi za taipureta bila kuziangalia. Bado nina chumba changu Kware, ghorofa ya tatu, na kila asubuhi nakwenda Makadara kukaa mezani kwangu nje ya mahakama, kuwaandikia watu hati na barua. Jirani yangu pale ni Mama Mwende, Mkamba anayeuza chai. Kikombe cha kwanza hunipa mimi kabla sijakaa, akisema karani asiyekunywa chai hukosea majina ya watu. Miaka thelathini nimeishi kwa wema wa watu wasio wa kwetu. Sikumbuki siku niliyolala na njaa katika mji huu bila mtu kuniuliza nimekula nini. Ulijue hilo, maana najua huwa unaniwazia.

Uliniuliza mtoto wa Bahati akizaliwa aitwe nani, kwa kuwa majina ya upande wa baba yetu yamekwisha yote isipokuwa moja, na hilo halishikiki. Nitakujibu. Lakini jibu lina njia ndefu, na njiani kuna uongo wangu. Ndiyo maana naandika kwa mkono. Sikutaka kuupitisha uongo huo kwenye mashine ya kazi. Kaa chini usome polepole. Ukifika mahali pa kukasirika, kasirika, kisha uendelee kusoma.

Mwezi uliopita alikuja mezani kwangu fundi wa kujenga, mzee wa rika langu, mfupi, mikono imekaukiwa na saruji. Nyumba aliyopanga ilikuwa imeungua, na karatasi zake zote za ukimbizi zikaenda na moto. Alitaka hati ya kiapo. Hati ya kiapo, Feza, ni maisha ya mtu katika ukurasa mmoja. Lazima niulize alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, kwao alitokaje. Watu wengi hufupisha. Huyu alifupisha kuliko wote.

“Jina?”

“Mbuyi.”

“Umezaliwa wapi?”

“Kasai. Nimekulia migodini, Katanga.”

“Kazi kabla ya kuja Kenya?”

Akatazama barabara. “Andika mjenzi.”

“Na kabla ya ujenzi?”

“Papa, wewe ni karani ama ni polisi?”

Mama Mwende akacheka kule kwenye birika zake. “Mwambie tu, mzee. Huyu hata mimi aliniuliza jina la nyanya yangu, na nilikuwa nataka barua ya leseni peke yake.”

Mbuyi akashusha sauti. “Askari,” akasema. “Wa serikali.”

Nikajua, kwa umri wake na kwa ule mtindo wake wa kusema, kwamba alikuwa upande ule tuliopigana nao wakati wa uasi. Si wa kwanza kukutana naye katika mji huu. Huwa tunasalimiana, tunaulizana bei ya unga, kila mtu anakwenda zake. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye herufi ya kwanza wakati upepo wa Jogoo Road ulipoinua karatasi zangu. Mbuyi akatia mkono katika mfuko wake wa vifaa, akatoa kitu kizito, akakiweka juu ya karatasi ili zisiruke.

Ilikuwa timazi ya shaba, ile ya kuning'iniza kwa uzi kupimia kama ukuta umenyooka. Imechakaa, imekuwa laini kama jiwe la mtoni. Shingoni ilikuwa na chale tatu, na ile ya tatu imepinda.

Unaikumbuka, Feza? Baba alipomaliza kujenga ukuta wa kanisa alimpa ndugu yetu Alimasi timazi hiyo, kwa kuwa mimi nilipenda vitabu na yeye alipenda matofali. Akaichora kwa tupa chale tatu, moja yangu, moja ya Alimasi, moja yako. Ulipoona ya kwako ni fupi ulimrukia mkono, tupa ikateleza. Ulikuwa na miaka saba. Ulilia mpaka baba akasema chale yako ndiyo nzuri kuliko zote kwa sababu haifanani na nyingine.

“Hii umeitoa wapi?” nikauliza.

Alidhani namwita mwizi. “Ni yangu. Imejenga nusu ya mtaa wa Komarock.”

“Sikuuliza imejenga nini.”

Akaigusa timazi kwa kidole. “Niliitoa mfukoni mwa kijana mmoja,” akasema. “Kwenye kiwanda cha pamba, pale darajani. Andika na hilo, kama unalitaka.”

Sikuandika. Mama Mwende alituletea chai bila kuagizwa, akatutazama mmoja mmoja. “Kumbe mnajuana?”

“Bado,” Mbuyi akasema.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Siku nne baada ya vita vya darajani nilipita nyumbani, matope mpaka magotini, nikawaambia baba, mama na wewe kwamba Alimasi amechukuliwa na maji. Nilisema nilimwona. Nilisema nilimshika mkono ukaniponyoka. Mama aliushika mkono huo huo akaubusu. Kesho yake nilivuka ziwa, na sijawahi kurudi.

Sikumwona. Sikumshika.

Unajua kwamba kabla ya kwenda tulinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisitupate. Mganga alitupa masharti yake: usiguse mwanamke, usioge, usichukue mali ya mtu, na ukishaanza kwenda mbele, usigeuke nyuma. Ukigeuka dawa inakutoka, na inamtoka pia mwenzako unayemtazama. Tulivuka daraja tukiimba. Katikati ya daraja nilimsikia Alimasi nyuma yangu akiniita mara moja, “Yaya!”, kama alivyozoea kuniita mimi kaka yake mkubwa. Sikugeuka. Nilikuwa nimesoma miaka minane, nilijua risasi ni chuma, na bado niliamini, kwa kuwa wote tuliokuwa tukitembea pale tuliamini kwa pamoja na hapakuwa na nafasi ya kuamini peke yako kitu kingine. Nilidhani nikimtazama nitamuua. Nikapita kiwanda, nikapita mashamba ya pamba, nikaanza kupanda mlima. Nilipogeuka huko juu hapakuwa na mtu.

Nilifikiri ameanguka mtoni. Neno hilo, “nilifikiri”, ndilo nililopaswa kumpa mama. Badala yake nilimpa mkono ulioponyoka. Na kwa mkono huo mama hakula tena samaki wa mto ule mpaka anazikwa, na wewe ukaufuata mwiko wake, ukawapa watoto wako. Matanga ya Alimasi hayakuondolewa. Jina lake halikupewa mtoto, kwa sababu kwetu aliyechukuliwa na maji husubiriwa. Yote hayo niliyajenga mimi kwa sentensi mbili.

Nimesoma sana tangu hapo, unanijua. Nimesoma juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi za mbali, ambako watu wanakwenda kutembelea viwanja vya mapigano kama wanaokwenda kuhiji. Kuna vibao vinavyoonyesha kikosi gani kilisimama wapi, na wazee wanawaeleza wageni mkulima fulani alianguka kando ya ua upi wa shamba. Juu ya vita vyetu nimesoma vitabu vitatu. Vimejaa mawaziri, mabalozi na ndege. Nililitafuta daraja letu katika orodha ya mahali nyuma ya kila kitabu. Halimo. Sisi tuliokuwa pale hatumo pia.

Kwa hiyo nilipomwambia Mbuyi mimi ni nani, na yule kijana alikuwa nani, hakujitetea wala mimi sikumtukana. Alisema, “Njoo Komarock Jumapili. Nitakuonyesha, kama nakumbuka bado.”

Nilikwenda baada ya ibada. Wanajenga nyumba nyingi upande ule, na Jumapili mafundi hawapo. Palikuwa na lundo la mchanga. Mbuyi akamwaga maji juu yake, akaupigapiga kwa mwiko, akatengeneza mlima, akachora mto kwa kidole. Kipande cha ubao kikawa daraja. Tulichukua misumari iwe askari wa serikali, na vizibo vya soda viwe sisi.

Mlinzi wa pale akaja na rungu lake. “Wazee, hiyo mchanga ni ya mjengo. Mdosi akiuliza nimwambie nini?”

“Mwambie tunapima msingi,” Mbuyi akasema.

“Msingi uko na mto ndani?”

“Kwetu nyumba zote ziko na mto.”

Mlinzi akacheka, lakini hakuondoka. Akachuchumaa kututazama.

Tuligombana kwanza juu ya mto wenyewe. Mimi niliupeleka mkono wa kushoto, yeye wa kulia, kwa sababu kila mmoja wetu aliuona kutoka ng'ambo yake. Kisha nikapanga misumari karibu na ghala la pamba, mingi, mpaka mkono ukajaa kutu. Mbuyi akaanza kuiondoa mmoja mmoja.

“Tulikuwa kumi na tisa,” akasema.

“Sisi tuliambiwa mko mia mbili.”

“Na ninyi? Tuliwahesabu mia tano.”

“Sitini. Bunduki zilikuwa kumi na mbili.”

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Akanieleza jinsi walivyokaa kiwandani siku tisa, viatu vya saizi moja kwa miguu ya watu wote, kopo moja la samaki kwa watu wanne, na mshahara wa miezi ambao ofisa alisema uko njiani. Walilala juu ya pamba. Yeye alikuwa hajatimiza miaka ishirini, na alikuwa jeshini kwa sababu mjombake alisema jeshini kuna blanketi. Mimi nikamweleza jinsi tulivyokula mihogo mibichi, na jinsi nilivyokuwa nikisali Baba Yetu kimya kimya chini ya ule wimbo wa vita, ili nisikose upande wowote. Akasema kilichowatisha ni wimbo kuliko bunduki.

“Tulikuwa tunafumba macho tukipiga,” alisema. “Wote. Ofisa pia. Na ninyi mlikuwa hamgeuki. Basi ni nani aliyeiona vita ile?”

Mlinzi akalaza rungu lake chini.

Kisha Mbuyi akachukua kizibo kimoja, akakivusha daraja polepole, akakipitisha ghala, akakiweka mahali ambapo sikukitarajia: nyuma ya kiwanda, penye tanuri la matofali.

“Huyu wako alifika hapa,” akasema. “Kwa miguu yake.”

Hakuanguka mtoni, Feza. Alipigwa tumboni pale darajani, ndipo aliponiita, akaendelea kutembea. Mbuyi alimkuta mchana amekaa ameegemea ukuta wa tanuri, ukuta ambao bado ulikuwa na joto. Alitaka kumpokonya silaha, akakuta hana. Alikuwa na timazi. Mbuyi, ambaye baba yake pia alikuwa fundi, akamuuliza kama anajua kujenga. Wakazungumza juu ya udongo. Alimasi alimwambia matofali ya tanuri lile yamechomwa vibaya, kuni zilikuwa mbichi. Huyo si ndugu yetu kabisa? Akapewa maji, akanywa kidogo. Akauliza, “Yaya yangu amepita?” Mbuyi hakujua, lakini akajibu, “Amepita.” Alimasi akasema, “Basi hakugeuka. Vizuri.” Jua lilikuwa halijafika mlimani alipokata roho.

Lazima niwe mkweli sasa, hata hapa. Sina njia ya kujua kama Mbuyi aliongeza maneno hayo kwa kunihurumia. Nimewaandikia watu viapo kwa miaka mingi, na mtu anaponidanganya mara nyingi hutazama uso wangu aone kama nimekubali. Mbuyi alikuwa akitazama mchanga. Nimeamua kuamini, na safari hii naamini peke yangu, hakuna anayeimba.

Jioni ile walizika watu watatu katika shimo moja: askari wawili wa serikali, na Alimasi katikati. Ofisa alikataa, akasema muasi atupwe mtoni. Mbuyi alisubiri ofisa aende kula, akamweka humo shimoni. Juu yake akajenga nguzo ndogo ya matofali saba, kwa udongo tu, akaipima kwa timazi ya Alimasi mwenyewe. “Haikupinda,” aliniambia mara mbili. “Ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na haikupinda.” Mwaka uliofuata alitoroka jeshi na timazi mfukoni, akaja huku kupitia Bujumbura na Kigoma. Kila ukuta aliosimamisha hapa Nairobi ulinyooshwa kwa shaba ya ndugu yetu.

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Niliyabeba maneno ya hasira kwa miaka thelathini na nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nilipofungua kinywa lilitoka “asante”. Alinishika bega. Mlinzi akaondoka, kisha akarudi na maji ya kunywa katika kopo, akatupa wote wawili.

Sasa nakuomba uende. Nenda na Bahati, kwa ajili ya goti lako. Simama kwenye nguzo ya mawe ya daraja la zamani, upande wa kiwanda, mto uwe mgongoni. Fuata njia iliyokuwa ya magari ya pamba mpaka nyuma ya ghala. Mama Sifa anasema ghala halina paa tena, lakini tanuri lipo, watu wamepanda mihogo kulizunguka. Zunguka mpaka upande wake unaotazama mlima. Pima hatua tatu kutoka kona ya kushoto. Nguzo huenda imeanguka, ila matofali ya chini yatakuwepo. Bahati achimbe taratibu kwa mkono mpaka ayaone. Mwombe ruhusa mwenye mihogo, na mlipe mashina mtakayong'oa.

Mbuyi ana ombi moja tu. Wale wawili waliolala pembeni ya Alimasi waliitwa Ilunga na Mokili. Kwao hawajui walipolala hadi leo. Ukimtaja ndugu yetu, wataje na wao kwa sauti. Nilimuahidi kwamba utafanya hivyo. Nilimwambia dada yangu ni mtu wa kutaja majina yote.

Timazi inakuja na Mama Sifa, imefungwa ndani ya soksi yangu. Nilimwambia Mbuyi aendelee nayo, akakataa kabisa. Jumatatu nilipompelekea hati yake nilimkuta akipima ukuta kwa bolti iliyofungwa uzi, na mafundi wenzake wakimtania: “Mzee, sasa umeanza kupima na spea za lori?” Akawajibu kwamba ukuta hauulizi. Shika ile chale iliyopinda kwa kidole chako kabla hujampa Bahati aiweke pale kaburini.

Ukishatoka pale, ondoa matanga. Lia, chinja kuku, wapikie watu. Wapikie na samaki wa mto wetu, uanze wewe kula, watoto wakiona. Mama alinyimwa kwa sababu yangu, na sina njia ya kumrudishia, lakini wewe ninaweza kukurudishia. Na mtoto wa Bahati, akiwa mwanamume, jina analo. Akiwa msichana mpeni pia. Alimasi hangejali.

Kama hutaki kunijibu kwa muda, nitaelewa. Nimekaa na jambo hili miaka thelathini, wewe umelipata leo. Lakini ujue kwamba nakuandikia nikiwa nimeshukuru kuliko nilivyowahi kushukuru: mkono wa adui ulimpa maji, ukamlaza, ukamjengea.

Nisalimie Bahati, mwana wa dada yangu, na mkewe aliyebeba mgeni wetu. Nisalimie shemeji yangu mumeo, mwambie redio yake nimeitafutia betri, zimo humo humo kwenye soksi. Nisalimie shangazi yetu wa mlimani kama bado anakataa fimbo. Mama Mwende anakusalimu pia bila kukujua. Anasema wifi yake wa Zaire aje siku moja anywe chai.

Mimi sitaweza kufika pale tanurini. Kifua hakiniruhusu safari ile, na nisikudanganye tena. Kwa hiyo unifanyie jambo la mwisho. Mkishamaliza, mkianza kuondoka kuelekea darajani, usiende moja kwa moja. Ukifika kwenye kona ya ghala, simama. Geuka nyuma, umtazame vizuri, umtazamie na mimi.

Kaka yako,
Lubunga